Tembea Uone, Anaambiwa Nani? Mwanamke, Njia na Mlima katika Fasihi Yetu

Utangulizi

Wahakiki wetu wamekwisha kuandika sana kuhusu nafasi ya mwanamke katika fasihi ya Kiswahili. Tumemwona kama mama na mlezi, kama chombo cha starehe, kama nguzo ya familia, tena kama mwanamapinduzi. Mtihani wa fasihi usiokuwa na swali hilo ni nadra, na madesa yetu yana majibu yake tayari, yamepangwa kwa vipengele. Lakini yupo mwanamke mmoja ambaye bado hatujamtazama sawasawa, yule aliye njiani peke yake. Tunamjua alipokuwa nyumbani na tunamjua alipofika. Hapo katikati, nyumba aliyoiacha haionekani tena na anakokwenda hajakujua, na hapo ndipo tunapomwacha.

Makala haya yanamfuata hapo katikati. Yanauliza fasihi yetu, simulizi na andishi, inasema nini juu ya usalama wa mwanamke anayetembea peke yake, hasa milimani na porini. Hoja yetu ni kwamba fasihi hiyo imemwadhibu au imemsifu, basi. Ni mara chache imekaa na njia yenyewe ikauliza ina nini, nani anaijua, nani amelala kando yake, na mwisho wake kuna mlango wa nani.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini swali hili, na kwa nini sasa? Mwandishi wa makala haya ametoka Itiryo, wilayani Tarime, karibu na mpaka wa Kenya. Kwetu ni vilima, nchi iliyo zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na njia nyingi ni za miguu, zinapita kati ya migomba, mahindi na vichaka. Mwanamke anazipita akienda kisimani, sokoni, mashineni kusaga, zahanati. Na ikifika Desemba wapo wasichana wanaozipita usiku, kwa sababu ambazo tutazieleza. Kwa hiyo mhusika anayetembea peke yake mlimani hakutujia kwanza kutoka kitabuni.

Lugha yenyewe kwanza

Tuanze na maneno, maana kabla msanii hajamchora mhusika wake lugha imekwisha kumchora. Methali tunayoipenda sana mashuleni ni "tembea uone", na mwenzake ni "kutembea kwingi, kuona mengi". Hivi anaambiwa nani? Anaambiwa kijana wa kiume. Mwanamume aliyetembea ameona dunia, ana akili, anafaa kuozeshwa. Sasa sema mtaani kwamba dada fulani "anatembea sana", uone watakavyokuelewa. Kitenzi ni kilekile na miguu ni miwili ileile, lakini kwa mmoja kinazaa hekima, na kwa mwingine kinazaa umalaya. Mwanamume ni msafiri. Mwanamke ni mtembezi, mzururaji, mtu wa kutangatanga.

Tazama pia neno "kutoroka". Anayetoroka ni mfungwa, ni mtumwa, ni mwanafunzi wa bweni, yaani mtu aliye chini ya mamlaka ya mwingine. Msichana anapoondoka nyumbani kuokoa mwili wake, tunasema "ametoroka". Tukisema hivyo tumekwisha kukubali kwamba alikuwa mali ya mtu. Mwanamume katika hali hiyohiyo "amejinusuru". Mhakiki anayeandika kwamba mhusika fulani wa kike "alitoroka", bila kusimama kidogo kulitazama neno hilo, amechukua upande bila kujijua.

Kikurya nacho kina lake. Msichana ambaye hajakeketwa huitwa omosagane. Kwa mtoto mdogo ni jina tu la rika. Kwa mwanamke mzima ni tusi, na tusi hilo linamfuata kisimani, linamfuata sokoni, linamfuata hata akiolewa. Anayeikimbia ngariba basi anabeba jina pia, na jina halibaki nyuma ya kilima.

Hakuna ngano inayomfundisha zimwi

Tugeukie fasihi simulizi. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki, pwani hata bara, inasimuliwa ngano ya wasichana waliokwenda pamoja, wengine wanasema kuokota kombe, wengine kutafuta kuni. Wakati wa kurudi mmoja anakumbuka kwamba amesahau kitu chake. Anawaomba wenzake warudi naye, wanakataa, anarudi peke yake. Huko anakutana na zimwi, na zimwi linamtia ndani ya ngoma, likazunguka naye vijijini likimwimbisha apate chakula.

Ngano hii ina ufundi wake, hatukatai. Msichana ndani ya ngoma ni taswira kali: sauti yake inasikika, watu wanaicheza, lakini yeye mwenyewe haonekani. Swali ni la maadili yake. Tulipokuwa watoto tuliambiwa mwishoni kwamba msichana asirudi njiani peke yake. Basi fundisho lote linamwangukia aliyetiwa ndani ya ngoma. Wenzake waliokataa kurudi naye hawaulizwi kitu. Wanakijiji waliocheza ngoma bila kuuliza sauti ile ni ya nani, hawaulizwi. Na zimwi? Zimwi ni zimwi, ndivyo lilivyo. Mwandishi wa makala haya amesikia ngano nyingi za kumfundisha msichana namna ya kutembea, lakini hajapata kusikia hata moja ya kulifundisha zimwi namna ya kukaa njiani.

Mkabala huu haukufia kwenye ngano. Msichana akidhurika njiani, swali la kwanza ni alikuwa anakwenda wapi saa zile, na la pili ni alikuwa amevaa nini. Huko ni kuendelea kusimulia ngano ileile kwa kanga mpya.

Adhabu ya anayeondoka

Katika fasihi andishi, riwaya zetu mbili mashuhuri zimemtoa msichana nje ya nyumba ya baba. Ya kwanza ni Rosa Mistika ya E. Kezilahabi (1971), na ya pili ni Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980). Rosa amelelewa Ukerewe na baba mkali, Zakaria. Akipata upenyo wa shule na maisha ya mbali, anaanguka hatua kwa hatua mpaka anajiua. Maimuna amefungiwa na baba yake, Bwana Maksuudi. Siku anapouvuka mlango dunia inampokea kwa danguro la Mama Jeni na ulevi.

Wahakiki wamekwisha kueleza, na tunakubaliana nao, kwamba waandishi hawa wanamshutumu baba zaidi ya binti. Malezi ya kufungia ndiyo yaliyomnyima msichana macho ya kuuona ulimwengu. Hilo ni kweli, na ndilo lililozipa riwaya hizi uzito. Lakini ukizisoma kwa jicho la njia unaona kitu kingine. Kwa Maimuna nje hakuna njia, kuna mtego tu. Anatoka ndani ya kuta nne anaingia ndani ya kuta nyingine nne, na hapo katikati hapakukaliwa. Hana mahali pa kusimama na kuchagua. Msomaji wa kike anafunga kitabu akiwa na somo moja lisilosemwa waziwazi, kwamba nyumbani kubaya lakini nje kubaya zaidi. Aende wapi basi?

Sekai na njia iliyofupishwa

Hapa ndipo Takadini ya Ben Hanson (1997) inapokuja kwa nguvu. Hakuna aliyepita kidato cha nne miaka hii ambaye hamjui Sekai, mke wa Makwati, aliyekaa miaka mingi bila mtoto mpaka akadharauliwa na wake wenza. Hatimaye anamzaa Takadini, na mtoto ni zeruzeru. Mila za kijiji zinataka mtoto huyo asiishi. Usiku Sekai anamfunga mgongoni na kuondoka. Anatembea siku kadhaa katika nchi asiyoijua, mpaka anafika kijiji cha mbali ambako Chivero, mkuu wa kijiji, anampokea.

Kwa dhamira, Takadini imezipita zile mbili. Hapa mwanamke anaondoka na haadhibiwi. Kuondoka kwake ndiko kunakomwokoa mtu. Hanson amevunja ile sheria ya kale kwamba mwanamke aondokaye lazima aanguke, na kwa hilo pekee riwaya inastahili nafasi yake mashuleni.

Pamoja na hayo, tuna malalamiko mawili. La kwanza ni la muundo. Safari ya Sekai ni sehemu ndogo ya kitabu. Sehemu kubwa ni maisha ya kijiji kilichompokea, na namna Takadini anavyokua na kupendwa. Tunaelewa kwamba mwandishi anataka kutupeleka kwa Takadini. Lakini mwanamke aliyetoka kujifungua, na mtoto mwenye ngozi isiyostahimili jua, peke yao katika pori, hii si habari ya kupitwa haraka. Anakunywa maji wapi? Akisikia sauti ya mtu mbele anajificha au anaita? Sauti ya mtu inamtisha kuliko ya mnyama, au kidogo? Katika njia ya mlimani hilo ndilo swali kubwa. Waulize wanawake wa kwetu. Fisi wana kanuni zao, unajua saa zao na unajua wanaogopa nini. Mwanaume usiyemjua, anayekuja bila taa, huna cha kumsomea.

Malalamiko ya pili yanatuhusu sisi wahakiki zaidi ya mwandishi. Fungua desa lolote la Takadini utakuta wasifu wa Sekai: jasiri, mvumilivu, ana mapenzi ya dhati kwa mwanawe, ni kielelezo cha ukombozi. Vyote sahihi. Lakini ujasiri si usalama. Kama Sekai angekuwa jasiri vilevile, akafika kijiji ambacho mkuu wake si Chivero, riwaya ingeishia hapo getini. Kilichomwokoa ni vitu viwili: miguu yake, na mlango wa mtu mwingine uliofunguliwa. Sisi tumekihesabu kimoja tu. Tukimwambia mwanafunzi wa kike "kuwa jasiri kama Sekai" tumempa nusu ya habari, ile nusu isiyotugharimu kitu. Ile nyingine inatudai sisi tuwe Chivero.

Na hata Chivero hatoshi. Wanakijiji wengine wanamtilia shaka mgeni na mtoto wake, wanajitenga nao, na inachukua muda mrefu mpaka wamezoeleka. Hapa Hanson ameona mbali: kufika hakumalizi hatari.

"Peke yake" ya mgeni

Tufananishe kidogo na maandishi ya kigeni, maana huko mwanamke apandaye mlima peke yake ni mhusika anayependwa mno. Mwaka 1891 May French-Sheldon, Mmarekani, alitoka Mombasa kwenda nchi ya Kilimanjaro, akashuka mpaka Ziwa Chala, na mwaka uliofuata akatoa kitabu chake Sultan to Sultan. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba mwanamke amesafiri Afrika peke yake. Peke yake! Alikuwa na wapagazi zaidi ya mia moja. Wanaume mia waliobeba hema, chakula na bunduki, na baadhi ya wanawake pia, hawakuhesabiwa kuwa watu wa kufuatana naye. "Peke yake" hapo maana yake ni bila Mzungu mwenzake wa kiume.

Hatusemi haya kumdhihaki marehemu. Tunasema kwamba neno "peke yake" lina tabaka. Hata leo, tangu 1991, hakuna anayeruhusiwa kupanda Kilimanjaro bila kiongozi mwenye leseni. Anaandikishwa getini, anajulikana analala kambi gani, na asiporudi atatafutwa. Ni utaratibu mzuri, tunaupongeza. Lakini hebu mweke mgeni huyo upande mmoja, na upande mwingine umweke binti wa Tarime aliye kilimani saa nane za usiku. Wote wawili ni wanawake mlimani. Mmoja ana jina kwenye daftari. Wa pili anaomba Mungu jina lake lisitajwe na mtu.

Hata mashujaa wetu tumewatenga kwa namna hii. Mekatilili wa Menza wa Wagiriama alikamatwa na Waingereza mwaka 1913 akapelekwa Kisii, huko jirani kabisa na Ukurya. Mwaka 1914 akatoka kifungoni, akarudi pwani kwa miguu mamia ya kilomita. Wengi wanamsimulia kana kwamba alikuwa pekee, lakini alikamatwa na kurudi pamoja na Wanje wa Mwadorikola. Na hakuna atembeaye umbali ule bila watu wa kumpa maji na mahali pa kulala. Majina yao hatunayo. Simulizi ya shujaa hupenda kumwondolea mwanamke wasaidizi wake ili ang'are. Aking'ara hivyo, anayemfuata nyuma anadhani inawezekana bila msaada.

Vilima vya Desemba

Sasa tufike kwetu. Ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 ulipigwa marufuku na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 10. Kwa Wakurya msimu huwa Desemba, shule zikiwa zimefungwa, hasa miaka inayogawanyika kwa mbili, na siku zake hupangwa na wazee wa mila. Kumbe basi msichana anajua saa. Anasikia ngoma, anaona wageni wanakuja, anaona ng'ombe wa mahari wanazungumzwa. Asiyetaka ana usiku mmoja au miwili.

Anakwenda wapi? Zipo nyumba za hifadhi. Kule Masanga, Tarime, kituo kimekuwa kikipokea wasichana tangu 2008. Mugumu, Serengeti, Nyumba Salama ilifunguliwa 2014 chini ya Rhobi Samwelly, na filamu ya Giselle Portenier, In the Name of Your Daughter (2018), imeionyesha dunia. Vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Hawa ndio akina Chivero wa kweli, na wanastahili kusomwa pamoja na yule wa kitabuni.

Lakini kati ya kitanda cha msichana na mlango wa Nyumba Salama kuna kilima. Hapo ndipo riwaya zetu zimeruka, na hapo ndipo watu wengine, wasiokuwa wanafasihi, wamekaa wakafanya kazi. Tangu 2015 mradi wa kujitolea uitwao Crowd2Map umekuwa ukichora vijiji vya Mara kwenye ramani ya wazi ya OpenStreetMap, njia, mito na majina, ili simu ya usiku ikisema "yuko kijiji fulani" gari lijue pa kupita. Msomaji asione tumetoka nje ya fasihi. Ramani ile ni matini. Imeandika mahali ambapo riwaya iliacha ukurasa mtupu. Kila kijito kilichotiwa jina ni sentensi ambayo Sekai hakupewa.

Tena tuseme wazi, hatari ya kilima si ya Desemba pekee. Mwanamke anayekwenda kusaga Januari hatoroki mtu, lakini naye anapiga hesabu: nani yuko mbele, nani yuko nyuma, jua limebaki kiasi gani. Hesabu hiyo wanawake wanafundishana bila kitabu. Wanatoka pamoja alfajiri, wanaitana kutoka kilima hadi kilima, wanajua nyumba ya kuingia mvua ikikamata au mtu akikufuata. Hata wasichana wanaotoka maktaba usiku vyuoni husubiriana mlangoni, na hakuna aliyewaandikia kanuni. Huu ni ujuzi, na ni fasihi simulizi pia, ila hatujaukusanya kwa sababu hauanzi na "Hapo zamani za kale".

Jibu kwa wapinzani

Najua atakayesema: fasihi si polisi jamii. Msanii halazimiki kutupa ratiba ya safari na orodha ya visima, kazi yake ni kutugusa. Ni kweli kabisa. Hatumtaki Hanson aandike mwongozo wa watalii. Lakini kugusa nako kunatokana na mambo yanayoshikika. Msanii anayejua kwamba mtu aliye peke yake usiku huogopa kukohoa, au kwamba mama humnyonyesha mtoto kabla hajalia ili asisikike, ametugusa kuliko yule anayetuambia kwamba mhusika wake "alikabiliana na magumu mengi". Kasoro tunayoilalamikia ni ya fani kabla haijawa ya maudhui.

Mwingine atasema kwamba kumfuata mwanamke njiani kwa undani kutawatisha wasichana wabaki nyumbani. Jamani, si ndivyo ngano ya zimwi ilivyofanya karne zote? Iliwatisha kwa sababu haikuwaonyesha njia, ikawaonyesha zimwi tu. Anayeijua njia, pamoja na hatari zake na milango yake, ndiye anayeweza kuamua.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo mawili kwa wenzetu wa uhakiki. Kwanza, tunapochambua mhusika wa kike aondokaye, tuache kumaliza na neno "jasiri". Tuhesabu pia waliompa maji, waliokataa kurudi naye, waliofungua mlango na waliocheza ngoma bila kuuliza sauti ni ya nani. Hao wote ni wahusika na wana dhamana. Pili, waandishi vijana waliotoka vilimani, Tarime, Usambara, Upare, Uluguru, waandike ile sehemu ya katikati. Wanaijua. Mama zao wanaipita kila siku wakiwa na debe kichwani.

Riwaya ya mwanamke njiani, iliyoandikwa na mtu anayejua mlima unavyonuka umande saa kumi za alfajiri, bado haijatufikia mezani. Ikija, tuisome kwa kuuliza swali moja kabla ya fani na maudhui: je, huyu akibisha hodi kwetu, tutafungua?